Waliopita Mlango wa Mbele

Kila asubuhi, kabla hajavaa kofia, baba yangu hutia punje hamsini za mahindi makavu kwenye mfuko wa kulia wa suruali yake ya kazi. Siku hizi hazihesabu tena. Anazichota mara moja kwa kiganja na anajua zimetimia. Akishafika kazini, kila watu ishirini wakimpita, punje moja huhama mfuko wa kulia na kwenda wa kushoto. Jioni, akiwa bado mlangoni na kiatu kimoja mguuni, humwaga zile za kushoto kwenye kisahani cha kikombe, huzitenganisha kwa kidole, kisha hututangazia: "Leo mia saba na arobaini."

Hakuna aliyemtuma. Jengo analolilinda lina kamera zinazojua idadi hiyo bila mahindi.

"Na katika hao mia saba," mama humtania, "hukupata hata mmoja wa kukupa mkate wa kuja nao nyumbani?"

"Wamenipa njaa," hujibu baba, na mambo huishia hapo.

Baba ni mlinzi wa benki. Si tawi la mtaani, ni makao makuu: jengo la ghorofa nane, chini ukumbi wa wateja, juu ofisi. Mwajiri wake ni kampuni ya ulinzi, si benki yenyewe, na tofauti hiyo ameizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama kwenye mlango wa mbele, ule wa vioo vizito wenye mpini mrefu wa chuma. Alijua mteja gani goti linamuuma na anahitaji mlango ushikwe zaidi, na mteja gani husalimiwa wakati wa kutoka tu, kwa sababu akiingia huwa na hasira. Aliniambia mara nyingi, bila majigambo, kama mtu anayetaja kimo chake: "Hakuna anayeingia jengo lile nisimwone."

Aliishia darasa la saba. Anasoma magazeti polepole, midomo ikicheza, lakini kwa hesabu hakuna anayemgusa mtaani kwetu. Kwake, jambo lisilohesabiwa ni maneno ya barabarani. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kila kitu. Kwa nini mvua hainyeshi upande mmoja tu wa barabara? Ndege wanalala wakiwa wamefumba macho? Alikuwa na jibu kila mara, na kama hakuwa nalo alisema, "Ngoja nikaangalie," na kweli alikwenda kuangalia. Kisha nikaingia sekondari, nikaanza kukaa maktaba, na maswali yangu yakahamia kwenye vitabu. Halikutokea siku moja. Nadhani yeye aliliona kabla yangu.

Kuhusu fedha, mambo yalianza nikiwa kidato cha pili. Jumamosi moja benki ilifungua milango kwa familia za wafanyakazi. Walinzi hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi, ila msimamizi mmoja mwenye huruma alimwambia baba, "Mlete na binti yako, nani atajua." Tukapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Kulikuwa na meza ndefu, na watu sita au saba walikuwa wakibishana kama kiwanda fulani cha saruji kikopeshwe fedha za kujenga tanuri la pili. Ukuta mzima ulikuwa umejaa tarakimu. Mwanamke mmoja aliyevaa viatu bapa alikuwa kimya akisoma karatasi zake. Mwishoni akasema sentensi moja, kwa sauti ndogo. Wote wakanyamaza, wakaiandika.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nilikuwa najua jibu na kukaa nalo mdomoni hadi kipindi kinaisha. Nilipomwona yule mwanamke nikajua kazi ninayoitaka: kusoma kutwa nzima, kusema sentensi moja, na ikaandikwa.

"Umewaona wale?" baba aliniuliza tukishuka. "Ajabu, sikuitambua hata sura moja."

Alifikiri kidogo, akajijibu mwenyewe. "Labda kwa sababu wamevua makoti."

Miaka minne baadaye, baada ya kumaliza kidato cha sita, nilipata nafasi katika vyuo vikuu viwili, vyote kusomea fedha. Cha kwanza tulikiita chuo cha mnara, kwa sababu ya mnara wake wa saa. Cha pili kilikuwa chuo cha njia panda, ambacho zamani kilikuwa cha biashara tu kikapandishwa daraja. Ada zilikaribiana na mkopo wa serikali ungelipa ya chochote nitakachochagua, kwa hiyo fedha haikuwa hoja. Nilikuwa na siku kumi za kuthibitisha kimoja. Mwalimu wangu wa hisabati alisema mnara, bila hata kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa anasahihisha. Nami moyoni nilikuwa nimeshaegemea huko, kwa sababu ya maktaba yao, ambayo nilikuwa nimeiona kwenye picha.

"Mwalimu ni mtu mmoja," baba alisema. "Ngoja nihesabu."

Alinunua daftari la kurasa arobaini na nane. Kesho yake, kila mfanyakazi aliyepita mlango wa mbele na beji ya benki shingoni alisimamishwa. "Samahani, bosi. Ulisoma chuo gani?" Wengine walicheka, wengine walijibu huku wanatembea, mmoja alimuuliza kama ana mpango wa kurudi shule. Mlinzi mwenzake, jina lake la utani Kipara ingawa ana nywele nyingi kuliko sote, alimwita Profesa.

"Profesa, leo umewasajili wangapi?"

"Tisa."

"Niandike na mimi. Nimesoma chuo cha kusimama."

"Hicho umefeli," baba alimjibu. "Kila saa nakukuta umekaa."

Jumapili iliyofuata alinawa, akavaa shati lililopigwa pasi, akaniita mezani. Aliniwekea daftari mbele yangu, limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Aliowauliza, sitini na watatu. Njia panda, arobaini na mmoja. Mnara, tisa. Vyuo vingine na wasiosoma chuo, kumi na watatu. Alikuwa amepiga mistari kwa rula.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Waliomo ndani ya benki ndio wanasema."

Hapa sina budi kusema jambo linalonihusu mimi. Katika mtihani wa takwimu nilipata alama ya juu kabisa. Nilikuwa nimefundishwa, na nilikuwa nakumbuka hata kona ya ukurasa, kwamba ukiletewa hesabu ya watu, swali la kwanza ni waliohesabiwa ni kina nani. Lile swali lilikuja. Lilipita kichwani kwangu wazi kabisa, nikaliacha lipite. Ilikuwa miaka mingi tangu baba anijibu jambo, na alikuwa amevaa shati la kutokea. Nikasema, "Asante, baba. Nitakwenda njia panda."

Mama alitoa macho. "Bila hata kubishana?"

"Abishane na nini?" baba alisema. "Arobaini na mmoja."

Habari zilienea mtaani kabla sijafunga sanduku. Majirani walianza kuja na watoto wao, na baba akawa anawakalisha kwenye kiti cha mgeni na kuwafunulia daftari. Siku ya kuondoka kwangu mama alipika chai kubwa, na nikiwa nimebanwa na wajomba pande zote nilijikaza kisabuni nikasema mbele yao kwamba anayestahili shukrani ni baba, kwa sababu aliyenichagulia chuo ni yeye. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Baba aliinamia kikombe chake, na niliona masikio yake yakisogea nyuma jinsi alivyokuwa anazuia tabasamu.

Nilikuwa chuoni wiki mbili tu aliponipigia simu Jumapili mchana. Baba si mtu wa simu. Aliniuliza kama nala vizuri. Nikamwambia nala. Akaniuliza tena. Akasema amehamishwa: mwenzake wa geti la chini, kule magari yanakoingilia, amefanyiwa upasuaji wa mgongo, kwa hiyo sasa yeye ndiye anayeinua kizuizi. Kuna kivuli, alisema, na miguu inapumzika.

Kisha nikasikia honi ya gari upande wake.

"Hivi hapo chuoni," alisema, "mtu akitaka kuhama, anahama?"

"Anahama. Mpaka mwisho wa mwezi. Kuna fomu."

"Mpaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, baba."

"Aa. Basi sawa. Kula vizuri."

Nilidhani anauliza kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Sitaki kukisema vibaya chuo cha njia panda. Kilinifundisha walichoahidi. Najua kupokea mteja aliyekasirika, najua fomu zote na mahali zinapokwama, najua noti ya bandia kwa ncha ya kidole hata nikiwa nimefumba macho. Nilimaliza wa pili katika darasa la watu mia moja na kumi. Kila likizo baba aliniuliza, "Inakwenda?" Nilipomjibu inakwenda, aligeuka haraka kutafuta kitu cha kufanya. Nilidhani ni furaha.

Mwezi wa tatu baada ya kuhitimu, benki ile ile ilitangaza nafasi za mafunzo ghorofa ya sita. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili. Niliingia mlango wa mbele, Kipara akanifungulia na kuninong'oneza, "Mtoto wa Profesa, kawaoneshe," nikapanda lifti.

Walikuwa watatu. Aliyeongoza alikuwa dada wa miaka kama thelathini, mchangamfu, miwani ameipandisha kichwani. Walinipa karatasi yenye hesabu za kiwanda kimoja, miaka mitano iliyopita na mitano ijayo, wakaniuliza: kama bei ya mafuta ikipanda kwa robo, mkopo huu utalipika au hautalipika, na tutajuaje? Niliitazama ile karatasi. Tarakimu zote nilizijua moja moja, kama mtu anayejua herufi lakini hajui kusoma. Kama wangeniuliza namna ya kumkaribisha mkurugenzi wa kiwanda hicho kwenye kaunta, ningewajibu hadi jioni. Dakika kumi zikapita. Nikasema sentensi moja, kwa sauti ndogo, na haikuandikwa.

Yule dada alikuwa na roho nzuri. "Usijilaumu," alisema. "Chuo chenu kinatuletea watu wazuri sana wa ukumbi wa chini. Bila nyinyi benki haifunguki. Ila hesabu za namna hii hamfundishwi, na huku juu karibu wote tumetoka mnara. Hilo hata mzee wa getini analijua."

Wenzake wakacheka.

"Kweli kabisa," aliendelea, akinigeukia ili nami nifurahi. "Wiki ya kwanza alipoletwa kule chini, alinisimamisha dirishani. Nikadhani ni mambo ya usalama. Kumbe anataka kujua nimesoma wapi. Nikamwambia, akaandika kwenye daftari lake. Akawauliza wote waliokuja na magari, jengo zima. Hadi leo hatujui lilikuwa la nini."

"Labda anatafuta mchumba msomi," alisema mmoja, na wakacheka tena.

Na mimi nikacheka.

Jina letu la ukoo lilikuwa juu ya fomu yangu, mbele yao, kwa herufi kubwa. Lakini nani anajua jina la ukoo la mlinzi? Ningeweza kusema, yule ni baba yangu. Maneno manne. Nilikuwa nayo mdomoni, na nilikaa nayo kama nilivyokuwa nikikaa na majibu darasani, hadi kipindi kikaisha.

Yule dada alikuwa anatoka kwenda mkutanoni, akasema nisihangaike na foleni ya lifti za wateja, tushuke pamoja hadi chini kwenye magari. Tukashuka. Tulipofika getini baba, ambaye hakurudishwa tena mlango wa mbele, alikuwa amesimama karibu na kibanda chake, mkono mmoja mfukoni. Aliniona, uso ukamfunguka wote. Kisha akamwona niliyefuatana naye.

"Shikamoo, mzee," nilisema, kama unavyomsalimia mtu usiyemjua.

Baba aliniangalia kwa muda ambao ungetosha kuhesabu moja, mbili.

"Marahaba, binti," alisema. "Safari njema."

Akainua kizuizi, gari la yule dada likapita, na mimi nikapita pembeni yake kwa miguu. Nyumbani jioni ile aliniuliza tu kama nimechoka. Hilo la getini hatujawahi kulizungumza, na hilo la kucheka kule juu hajui. Naliandika hapa kwa sababu kusema nimeshindwa.

Wiki mbili baadaye waliniita na kunipa kazi ya kaunta, dirisha la nne. Naipenda zaidi ya nilivyotarajia. Kila asubuhi naingia mlango wa mbele na beji shingoni. Sasa na mimi ni mmoja wa wale arobaini na mmoja.

Nilijua, kwa hiyo, kwamba baba aliwauliza watu wa magari. Nilijua pia ni kitu gani alichokuwa amekosea, na ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingeweza kulifanya. Wenye ghorofa ya sita huja na magari, hushuka chini, hupanda lifti ya ndani, na jioni hurudi njia hiyo hiyo. Miaka kumi na mmoja hawakuwahi kupita mbele yake. Alihesabu kwa uaminifu kabisa watu wote wanaopita mlango wake, na akadhani mlango wake ndio jengo. Kosa hilo sikumlaumu hata siku moja, kwa sababu swali lake nilikuwa nalo mimi, na sikuliuliza.

Nililojiambia ni kwamba alipoligundua nilikuwa nimeshachelewa. "Wiki ya kwanza alipoletwa kule chini," yule dada alisema, lakini watu husema wiki ya kwanza wakimaanisha zamani. Niliamua iwe zamani isiyo na tarehe. Niliishi na uamuzi huo karibu mwaka mzima.

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, alikuja binamu yangu, binti wa mama mdogo. Huyu hatufanani, huyu hata akiwa peke yake chumbani utadhani kuna kikao. Alikuwa na bahasha mbili.

"Baba mkubwa, shikamoo. Nimekuletea kazi."

"Marahaba. Kazi yangu mimi ni kufungua geti."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nifungulie." Akaweka bahasha mezani. "Nimepata njia panda na mnara, kama dada. Wewe ulimchagulia, leo yuko benki. Na mimi nataka benki. Kule juu lakini, wanakopanga fedha ziende wapi. Nina siku sita."

Baba alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Muulize mwalimu wako."

"Mwalimu wangu ana maneno. Wewe una daftari."

"Daftari limepotea."

"Limepotea wapi?" Mama alikuwa jikoni, lakini masikio yake hayana ukuta. "Liko juu ya kabati, chini ya sahani za wageni. Juzi tu nimelifuta vumbi."

"Ni la zamani," baba alisema. "Watu wamebadilika."

"Mtu akishasoma amesoma," binamu alisema. "Anabadilikaje?"

Nilikuwa nimekaa pembeni na kitabu changu. Nilidhani baba anajivunga tu, anataka kubembelezwa. Tena nilimwonea huruma mdogo wangu, kwa sababu nilijua la kumwambia, na nilikuwa natafuta namna ya kulisema bila kumwumbua baba. Nikaona bora nilete daftari, nimwonyeshe ule ukurasa wa kwanza, nimweleze taratibu kuhusu milango. Nikanyanyuka, nikatoa sahani za wageni, nikalichukua.

Niligeuza ukurasa wa kwanza. Wa pili ulikuwa umepigwa mistari kwa rula ile ile. Juu ameandika GETI LA CHINI. Aliowauliza, thelathini na wanane. Mnara, thelathini na mmoja, imepigiwa mstari mara mbili. Njia panda, wawili. Vyuo vingine, watano. Pembeni kulikuwa na tarehe, kwa sababu baba huweka tarehe kwenye kila kitu, hata kwenye balbu anapoibadilisha. Amemaliza kuhesabu Ijumaa, tarehe kumi na moja ya mwezi ule niliokwenda chuo. Ilikuwa imebaki siku kumi na tisa kabla dirisha la kuhama halijafungwa.

Chini kabisa, kwa kalamu nyingine: Jumapili mpigie simu. Na mbele yake, alama ya vema.

Nilisimama pale kabatini. Nilisikia ile honi ya gari, na sauti yake ikisema mpaka mwisho wa mwezi. Kilichonipanda kwanza kilikuwa hasira, na sikuificha vizuri, kwa sababu niliporudi mezani binamu alinitazama mara moja akanyoosha mkono na kulichukua daftari bila kuomba.

Alisoma kurasa zote mbili huku anatafuna mkate.

"Mbona rahisi," alisema. "Wa juu wanapita chini, na wa chini wanapita mbele. Mimi ni mnara." Alilifunga. "Baba mkubwa, wewe una akili sana. Ningekuwa mimi ningesahau kabisa kwamba kuna geti jingine."

Baba alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mama mkubwa," binamu alipaza sauti, akinyanyuka, "nimeshapata chuo," akaenda zake jikoni na bahasha yake, na tukamsikia anaanza kumhesabia mama nguo atakazohitaji.

Tukabaki wawili. Nilikaa kwenye kiti cha mgeni, kile alichokuwa akiwakalisha watoto wa majirani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba haikupita likizo hata moja, katika miaka mitatu ile, bila yeye kunisubiri kituoni, na kwamba njiani siku zote alinibebea mzigo na kuniuliza mambo madogo madogo, bweni, godoro, maji, bila kunitazama usoni. Nilikuwa nimeyaita hayo upole. Sasa niliona yalikuwa nini, na niliona pia sina haki kubwa ya kumhukumu mtu aliyekuwa na maneno mdomoni akashindwa kuyatoa. Hasira ilishuka. Iliyobaki ilikuwa aibu, yangu na yake, na sikuweza tena kuzitenganisha.

"Nilikupigia," alisema, akiwa bado anaangalia mikono. "Nilikupigia kukwambia."

"Najua. Umeweka vema."

"Kupiga nilipiga."

Jikoni mama alicheka kwa kitu alichoambiwa. Sikutaka kumuuliza kuhusu tarehe, wala kuhusu geti, wala kama alijua siku ile ya usaili nimetoka mkono mtupu. Nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza kwa sauti ya kawaida, kama zamani nilipomuuliza habari za mvua.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Aliniangalia.

"Niliogopa hutaniuliza tena kitu," alisema.